MJI WENYE AKILI HUJULIKANA KWA NJIA ZAKE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa hii: "Mji wenye akili ni mji wenye mitambo mingi ya kisasa." Waliounga mkono walizungumzia kamera za barabarani, taa zinazojizima zenyewe na simu zinazolipa nauli. Sisi wapinzani tulisema la, mitambo ni kitu kizuri lakini siyo akili. Kengele ilipigwa kabla ya hoja kuchambuliwa ikaeleweka, na wengi walitoka ukumbini wakinong'ona, "Sasa akili ya mji ni nini basi?" Makala haya ni jibu langu kwa swali hilo.

Jibu lenyewe ni fupi. Mji ni kama mwili wa mwanadamu. Mwili una mishipa ya damu, una koo la kupitisha pumzi, una utumbo wa kutoa uchafu. Ikizibika njia moja tu, mtu huugua hata kama amevaa suti ya bei ghali. Hali kadhalika mji. Una maji yanayotaka kupita, una taka zinazotaka kutoka, una watu wanaotaka kwenda na kurudi, na una habari zinazotaka kuwafikia wanaoamua. Mji wenye akili, na ulio kijani, na utakaodumu hadi wajukuu wetu wauone, ni ule unaoziacha njia hizi wazi. Nitauchukua mji wa Nairobi kuwa mfano, maana ndio mji tunaouishi, na penye haja nitavuka mpaka kidogo.

MJI ULIOKUA HARAKA

Jina Nairobi limetokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake ni maji baridi. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899, na wajenzi wake wakapiga kambi kwenye tambarare yenye kinamasi kando ya mto. Kambi ikawa mji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1969, Nairobi ilikuwa na watu 509,286. Katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu 4,397,073. Hebu kokotoa mwenyewe: katika miaka 50 watu waliongezeka zaidi ya mara nane, ilhali ardhi ya jiji ni ile ile, kilomita za mraba 696. Mito haikuongezeka. Bonde halikupanuka. Kilichoongezeka ni mabati, lami, kabro na simiti.

Wengine husema, eti watu ndio shida, warudi mashambani. Hoja hiyo haina miguu. Watu huja mjini kutafuta kazi, shule na hospitali, nao ndio wanaoujenga mji, wanaoulisha na kuusafisha. Swali si watu wangapi wamekuja, bali wamewekewa njia gani.

NJIA YA MAJI

Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Nairobi imeinuka upande wa magharibi na kuteremka upande wa mashariki. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, hukutana na mito ya Mathare na Ngong, kisha maji hayo huingia Mto Athi. Athi nao hubadilika majina njiani, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na mwisho humwaga maji katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hiyo chupa ya plastiki inayotupwa mtaroni huku kwetu yaweza kusafiri hadi pwani bila kulipa nauli.

Mvua ikinyesha juu ya ardhi yenye nyasi na miti, sehemu kubwa ya maji hunywewa na udongo, na yanayosalia hufika mtoni polepole. Ikinyesha juu ya lami na simiti, hakuna kinachonywewa. Maji yote hukimbilia mtoni kwa wakati mmoja, na mto hauwezi kuyameza yote kwa mpigo. Tena maeneo mengi ya mashariki mwa jiji yana ule udongo mweusi unaonata. Ukishashiba maji huvimba na kukataa mengine. Kwa hivyo anayezungushia ua wake simiti kule juu anampelekea mafuriko mtu asiyemjua kule chini. Hilo, mwenzangu, ndilo jambo la kwanza ambalo mji usio na akili haulioni.

Mnakumbuka muhula wa pili wa mwaka 2024. Shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, nasi tulikaa nyumbani hadi tarehe 13 Mei. Mvua za msimu ule ziliua karibu watu 300 kote nchini. Katika bonde la Mathare watu walipanda juu ya mabati usiku wakisubiri kuokolewa. Baada ya maji kupungua, serikali iliwaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame, na matingatinga yakaja. Familia nyingi zikapoteza nyumba mara mbili: kwanza kwa maji, kisha kwa chuma.

Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaka ukanda wa kando ya mto uachwe wazi, upana usiopungua mita 6 na unaoweza kufika mita 30. Ukanda huo ni kitanda cha pili cha mto. Mto hulala kwenye kitanda chake cha kwanza wakati wa kiangazi, na masika hujinyoosha hadi kwenye cha pili. Ukijenga hapo umelala kitandani mwa mwenyewe, naye siku moja atarudi. Lakini haki nayo isemwe. Maskini hajengi kando ya mto kwa kupenda upepo mwanana. Hujenga hapo kwa sababu ndipo kodi inapopungua na ndipo karibu na kazi. Kumfukuza bila kumwonyesha pa kwenda ni kuuhamisha msiba, siyo kuutatua.

Kuna miji iliyoliona jambo hili mapema. Curitiba, mji wa kusini mwa Brazil, ulikuwa ukisumbuliwa na mafuriko. Katika miaka ya 1970 viongozi wake, wakiongozwa na meya Jaime Lerner ambaye alikuwa msanifu majengo, waliamua kuacha mabonde ya mito yawe bustani kubwa zenye maziwa ndani yake, kama ile ya Barigui. Mvua ikizidi, ziwa hupanuka na kufunika nyasi. Mvua ikikoma, maji hushuka na watoto hurudi kucheza. Bustani imekuwa pambo la mji na mlinzi wake kwa wakati mmoja.

Wala tusidhani akili ya namna hii ni ya ng'ambo tu. Mababu wa lugha yetu walikuwa nayo. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana visima na nyumba zenye vyoo na mahali pa kuogea, nayo ni ya karne nyingi kabla ya reli. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba ambavyo nyumba zake hupeana kivuli mchana kutwa, na punda akapita na mzigo wake bila moshi. Waliojenga vile walilisoma jua, wakausoma upepo, ndipo wakaweka jiwe.

NJIA YA TAKA

Nairobi hutoa zaidi ya tani 2,000 za taka kila siku, na zaidi ya nusu ya taka hizo ni mabaki ya vyakula na mimea: maganda ya viazi, majani ya sukuma wiki, mabua ya mahindi, mabaki ya ugali. Taka hizi peke yake si uchafu. Ni mbolea iliyopotea njia.

Sikilizeni kinachotokea. Mabaki ya chakula yakirundikwa pamoja na plastiki na vyuma, huoza bila hewa. Yakioza bila hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hushika joto la anga kuliko hewa ukaa mara nyingi zaidi. Maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye rundo huingia mtoni. Plastiki nayo, iliyokuwa safi jikoni, sasa imepakwa uozo na hakuna anayeitaka. Lakini mabaki hayo hayo yakitengwa nyumbani na kugeuzwageuzwa ili yapate hewa, kwa miezi michache huwa mbolea nyeusi, laini, isiyonuka. Tofauti ya balaa na mbolea ni ndoo mbili badala ya moja.

Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, lakini malori yaliendelea kumwaga hapo kwa zaidi ya miaka 20 baadaye. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wa eneo hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika. Risasi hudumaza ubongo wa mtoto. Yaani mtoto anaingia darasani tayari akili yake imeibiwa na rundo la taka ambazo hakuzitupa yeye. Ndiyo maana nashindwa kucheka mtu anaposema habari za taka ni za watu wa kufagia.

Si kwamba nchi yetu imekaa kitako tu. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku, na faini ikawekwa ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo. Wazee wetu wanasema kabla ya hapo kila ua wa michongoma ulikuwa umechanua "maua" ya juala. Leo mama mboga anafungasha nyanya kwenye karatasi au mfuko wa kitambaa, na dunia haikuisha. Sheria ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka nayo inataka taka zitengwe pale pale zinapotoka. Sheria iko. Kilichosalia ni ndoo ya pili.

Curitiba walipata dawa rahisi. Tangu mwaka 1991 wakazi wa mitaa ambayo malori ya taka hayangeweza kuingia waliruhusiwa kuleta taka zinazoweza kutumika tena na kubadilishana na chakula: kilo 4 za taka kwa kilo 1 ya matunda na mboga. Mitaa ikasafika, sufuria zikajaa, na wakulima wa karibu wakapata soko. Hapo hapakuhitajika kompyuta. Palihitajika mtu wa kujiuliza, "Je, huyu mwananchi atapata nini akinisaidia?"

NJIA YA WATU

Ukitazama barabara zetu unaweza kudhani kuwa kila mkazi wa Nairobi ana gari. Kumbe sivyo. Takriban safari 4 kati ya kila 10 jijini hufanywa kwa miguu, na nyingi ya zilizosalia hufanywa kwa matatu. Mwenye gari lake ni mchache, lakini ndiye aliyekatiwa kipande kikubwa cha keki. Anayetembea huachiwa ukingo wa tope, apokezane nafasi na bodaboda, mkokoteni na mwuza mitumba. Kila mwaka takwimu za ajali nchini huonyesha kuwa waendao kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi barabarani. Mwaka 2015 jiji lilipitisha sera iliyotaka asilimia 20 ya fedha za barabara zitumiwe kwa njia za miguu na baiskeli. Kila anayetembea kwenda shuleni anaweza kujionea mwenyewe pale ambapo sera hiyo imefika na pale ambapo bado.

Tufanye hesabu ya Kidato cha Kwanza. Watu 60 wakisafiri kwa magari ya binafsi yanayobeba mtu mmoja au wawili, wanahitaji magari kama 40. Kila gari na nafasi yake kwenye msongamano huchukua kama mita 6. Hiyo ni foleni ya mita 240, ndefu kuliko viwanja viwili vya kandanda. Watu hao hao 60 hutosha ndani ya basi moja la mita 12. Kwa hiyo kupanua barabara kwa ajili ya magari ni kama kulegeza mshipi ili kutibu unene. Barabara mpya huita magari mapya, na baada ya miaka michache foleni hurudi mahali pake. Basi lenye njia yake pekee, na njia pana ya miguu yenye kivuli, ndiyo tiba.

Jirani zetu wa Dar es Salaam walianza mabasi yao ya mwendokasi mwezi Mei 2016. Njia ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 21, iliunganisha Kimara na katikati ya jiji hadi Kivukoni. Mabasi yalipewa njia yao wenyewe, watu wakapita foleni wakipunga mikono. Mwaka 2018 jiji hilo likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Kongole kwao! Lakini kituo kikuu cha kuegesha mabasi kilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zilipokuja, mto ulidai kitanda chake cha pili, mabasi yakazama, na usafiri ukasimamishwa mara kwa mara. Unaona, msomaji? Waliifungua njia ya watu, lakini wakaiweka juu ya njia ya maji. Njia hizi ni ndugu wa tumbo moja. Ukiipendelea moja na kuikanyaga nyingine, zote huugua.

Na kivuli je? Mti si pambo. Jani hutoa mvuke, na mvuke unapotoka hupoza hewa, sawa na jasho linavyopoza ngozi. Mizizi huufungua udongo, maji yakapata pa kuingia. Ndiyo maana ninamkumbuka Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru. Akadharauliwa na kutukanwa bungeni, lakini jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa umeanza kugawiwa watu wa kujenga. Akapigwa hadi akatoka damu kichwani. Leo Karura ingalipo, kama hekta 1,000 za msitu ndani ya jiji, na yeyote anayekwenda pale kukimbia au kupanda baiskeli anapumua hewa iliyolipiwa kwa damu hiyo. Alipata tuzo ya Nobeli ya amani mwaka 2004, akafariki mwaka 2011. Lau angesema "mimi ni mmoja tu", tungekuwa tunahesabu mageti ya nyumba mahali pa miti.

NJIA YA HABARI

Sasa nirudi kwa wenzangu waliounga mkono hoja, maana sitaki waseme nimewanyima haki yao. Mitambo ina kazi. Lakini kazi yake ni kusikiliza kwanza, kuamuru baadaye.

Kabla ya mwaka 2009, ukifungua ramani nyingi, Kibera ilionekana kama sehemu tupu, kana kwamba pale ni pori. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe walipewa vifaa vidogo vya kupima mahali kwa setilaiti, wakatembea vichochoro vyote wakiandika: hapa pana zahanati, hapa choo, hapa bomba la maji, hapa shule, hapa ni hatari usiku. Sehemu tupu ikajaa majina. Usichokijua huwezi kukitengeneza.

Vivyo hivyo, matatu za Nairobi hazikuwa na ramani. Kila mtu alijua njia yake tu, na zilizosalia alimwuliza makanga. Wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila kituo. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya njia zaidi ya 100. Hakuna matatu iliyonunuliwa wala barabara iliyopanuliwa. Kilichoongezeka ni ujuzi.

Mfano wa tatu ni Mukuru, upande wa viwanda. Mwaka 2017 jiji liliitangaza kuwa eneo la mipango maalumu. Takriban familia 100,000 zilikuwa zinaishi hapo, na badala ya kuwaondoa, wakazi walihesabiwa na kuulizwa wanataka nini. Baadaye yakaanza kulazwa mabomba ya majitaka ya aina nyepesi: membamba, yasiyochimbiwa chini sana, yanayopita vichochoroni badala ya kungoja barabara pana. Mhandisi aliyesoma vitabu peke yake angesema haiwezekani, barabara ni nyembamba. Mhandisi aliyewasikiliza wakazi alipata njia.

Basi akili ya mji haimo ndani ya mtambo. Imo katika uhusiano kati ya anayejua shida na anayeshika kalamu.

NA SISI JE?

Hapa ndipo wengine huandika, "Serikali ifanye hivi na vile," wakaweka kalamu chini. Mimi naomba tuangalie ua wetu wenyewe kwanza, maana samaki mkunje angali mbichi.

Kuna kile kiwanja kidogo nyuma ya bwalo, chenye mwembe na nyasi. Limetolewa pendekezo kitiwe kabro chote ili magari ya wageni yapate maegesho siku ya wazazi. Sina neno na wageni, na pendekezo lenyewe lina nia njema. Ila naomba tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikianguka juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Nimepima kiwanja hicho kwa hatua na kupata kama mita 30 kwa 20, yaani mita za mraba 600. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu hunyesha masika kwa siku moja tu, itamwaga hapo lita 30,000. Sasa hivi nyasi na mizizi ya mwembe hunywa sehemu kubwa. Tukiweka simiti na kabro iliyobanana, karibu maji yote yatateremka kupitia geti la nyuma. Na chini ya geti la nyuma yuko nani? Yuko mama mandazi, tunayemkimbilia saa nne, na nyuma ya kibanda chake kuna nyumba za mabati zenye watoto. Siku ya wazazi ni moja kwa mwaka. Masika huja kila mwaka na kukaa wiki nyingi.

Pendekezo langu kwa Mwalimu Mkuu na kamati ni mambo matatu, nayaleta kwa heshima.

Kwanza, nusu ya kiwanja iachwe na nyasi na mwembe wake, na nusu nyingine iwekwe kokoto au yale matofali yenye matundu ambayo nyasi huota ndani yake. Gari litaegeshwa na maji yatapenya.

Pili, tuvune maji ya paa la bwalo. Paa lile lina kama mita za mraba 300. Mvua ile ile ya milimita 50 ingetupa lita 15,000. Hata tukipoteza lita 3,000 kwa kumwagika na kuosha vumbi la kwanza, zinabaki 12,000, ambazo zingejaza matangi mawili ya lita 5,000 na kufurika. Mnajua siku mfereji unapokauka tunavyopanga foleni na mitungi hadi prepu inatupita. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a. Yasafirishwe kutoka Murang'a, na haya yaliyo juu ya vichwa vyetu tuyaache yakamfurikie jirani?

Tatu, ndoo mbili katika bwalo. Moja ya mabaki ya chakula, nyingine ya vitu vikavu. Mabaki yaende kwenye shamba la wanafunzi wa Kilimo, ambao kila muhula hulalamika kuwa hawana mbolea. Chama cha Kiswahili kiko tayari kuandika vibao, na ninaahidi kwamba vitakuwa na sarufi safi.

Mambo haya hayataiokoa Nairobi nzima. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Jiji ni maelfu ya nyua kama huu wetu, na mafuriko ya Mathare ni jumla ya maji yaliyoteremka kutoka nyua zote zilizo juu yake. Mji hauna ubongo mmoja uliofichwa katika jumba la baraza. Kila anayeamua kuhusu kiwanja, paa, ndoo au ukingo wa njia ni sehemu ya akili yake, au ya ujinga wake.

Kabla sijatia nanga, ninawauliza ndugu zangu waliounga mkono hoja: mtambo gani, hata uwe wa bei gani, utamwambia mama mandazi kwamba maji yaliyomfikia yalitoka kwetu? Yeye tayari anajua. Kamati itakutana wiki ya tatu ya muhula huu. Mwenye hoja ya kuongezea, au ya kunipinga, anione chumba cha chama Alhamisi baada ya masomo. Aje na futi ya kupimia. Hatua zangu ni ndefu na huenda kiwanja ni kikubwa kuliko nilivyosema.